Barua Niliyoichapa kwa Jina la Bildad

Kwa wewe uliyeshika gazeti leo bila kusoma yaliyotangulia, sitakuchelewesha.

Naitwa Seline Anyango. Miaka kumi na mmoja nilikuwa sekretari wa Zadock Ogola, mwenye malori ya kubeba miwa. Mwaka wa 1990 barua ya uongo ilitoka ofisini kwake, ikakamatwa. Yeye ndiye aliyenisomea maneno yake moja moja, mimi nikachapa. Lakini wenye kuichunguza walipofika, alininyooshea kidole mbele ya madereva na makanika wote.

"Ni huyu," alisema. Kisha akanigeukia. "Hatufanyi kazi na watu wa aina yako. Toka."

Nikatoka na mkoba wangu na kikombe changu cha chai. Baada ya hapo hakuna ofisi Kisumu iliyotaka kunipa hata kiti cha kungojea.

Ndipo nikafungua ofisi nyumbani kwangu, Migosi. Nyumba niliyopanga ilikuwa na laini ya simu, nami nilikuwa na taipureta kuukuu. Nikawaendea watu wenye biashara lakini wasio na ofisi, nikawaambia, "Nipe jina lako, nikupe namba yangu. Wateja wakipiga watapata sekretari. Barua zitachapwa, miadi itapangwa. Hakuna atakayejua kwamba ofisi yako ni kiti kimoja karibu na jiko langu."

Wengine walicheka. Wengine walikuja. Alikuja Waliaula, mchimba visima. Akaja mama mmoja mshonaji wa sare za shule. Na akaja Bildad.

Bildad alitoka Murang'a, akauza vipuri vya malori hapa mjini mpaka akanunua malori yake mwenyewe. Wenzake waliniuliza kwanza kuhusu ile barua ya Zadock. Yeye aliuliza, "Unachapa haraka?" Nikasema ndiyo. "Basi anza kesho."

Kila mteja nilimpa sauti yake. Simu ikilia nilisema, "Ofisi, habari ya asubuhi," nikangoja nisikie anayetafutwa. Akiwa ni Waliaula, nilikuwa mama mzito asiye na mchezo. Akiwa ni Bildad, nilikuwa Jentrix, msichana wa sauti nyembamba na Kiswahili cha Nairobi. Mama yangu, Milka, aliyekuwa akiishi nami, alipita na sufuria akiniuliza, "Leo wewe ni nani?"

Mara ya mwisho niliwaacha pale simu ilipolia, na sauti niliyoijua kuliko sauti ya marehemu baba yangu ikauliza:

"Hapo ni kwa Bildad?"

Ilikuwa Zadock Ogola.

Nilisimama. Sijui kwa nini nilisimama. Miaka kumi na mmoja nilisimama kila akiita, na miguu haikuwa imesahau.

"Ndiyo, ni ofisi ya Bwana Bildad," nilisema kwa sauti ya Jentrix. "Nikusaidie na nini?"

"Bosi wako yuko?"

"Amesafiri Nairobi. Anarudi Jumamosi."

"Wewe ni nani?"

"Jentrix."

Nilisikia akipumua. Kisha akacheka kile kicheko chake cha puani.

"Sawa, Jentrix. Chukua kalamu."

Alisema hivyo hivyo, kama zamani. Na mkono wangu ukachukua kalamu.

Habari yenyewe ilikuwa hii. Wakulima wa miwa wa upande mmoja wa Muhoroni walikuwa wanatafuta mtu wa kuwabebea miwa msimu mzima. Bildad alikuwa ameomba. Najua kwa sababu maombi yake niliyachapa mimi. Alikuwa na malori yake manne, na ndugu yake wa Nakuru alikuwa amemwahidi mengine sita. Kamati ya wakulima ilikuwa imempenda.

"Mwambie Bildad aniingize," Zadock alisema. "Hata kwa malori mawili. Unasikia? Malori yangu mengi yako juu ya mawe, sina matairi, sina spea. Nikikosa huu msimu nimekwisha. Mwambie nakutana naye popote anapotaka. Mwambie namwomba."

Namwomba! Sikuwahi kusikia neno hilo likitoka kinywani mwa Zadock.

"Nitamfikishia," nilisema.

Nikaweka simu. Nikatazama ile karatasi yenye maneno yake. Kazi yangu ilikuwa moja tu, kumfikishia Bildad yale aliyoambiwa. Hiyo ndiyo biashara niliyokuwa nauza. Niliwaambia watu, lete jina lako, neno lako litafika salama.

Nikaichana ile karatasi vipande vinne.

Mama alikuwa mlangoni.

"Hiyo umechana ni ya nani?"

"Imeharibika, Mama."

"Imeharibika kabla ama baada ya wewe kuichana?"

Akaenda zake jikoni, lakini nilisikia akiongea peke yake kwa Kijaluo, na jina nililosikia katikati lilikuwa langu.

Kesho yake nilimpigia Zadock.

"Bwana Ogola? Jentrix hapa. Nimeongea na Bwana Bildad. Amekubali. Mkutane Katito, Jumanne saa nne asubuhi, pale njia panda ya kwenda Kendu Bay. Atakuja mara moja kutoka Nairobi, kisha atarudi huko."

"Nyasaye, Mungu mwema!" Zadock alisema. "Umenisaidia sana, binti yangu."

Binti yangu. Nilitaka kutema mate.

Nakiri mbele yenu kwamba ningeweza kukaa nyumbani Jumanne ile na kujua tu kwamba anangoja bure. Ingetosha. Lakini nilitaka kuona kwa macho yangu. Nikamwambia Mama nakwenda kumwona mteja, nikajifunga kitambaa cha kijani hadi kwenye nyusi, na saa tatu na nusu nilikuwa nimekaa ndani ya hoteli moja pale Katito, nimeagiza chai na mandazi, dirisha linatazama njia panda.

Alikuja saa nne kasoro dakika tano na ile Peugeot yake nyeupe. Alikuwa amevaa suti ya kahawia na tai. Akashuka, akasimama kando ya barabara mahali ambapo mtu yeyote anayetoka Kisii au Kendu Bay angemwona.

Saa tano bado alikuwa amesimama. Alikuwa ametoa koti.

Saa sita alimwendea mama wa nyanya akamuuliza kitu. Yule mama akatikisa kichwa.

Saa saba jasho lilikuwa limelowesha shati mgongoni. Trekta moja ikapita na mzigo ikamtupia vumbi usoni. Vijana waliokuwa wamekaa juu ya magunia wakacheka. Zadock Ogola, ambaye zamani madereva walikuwa wanazima redio akipita, alijifuta vumbi kwa kitambaa cha mfukoni na kuendelea kutazama barabara.

Mwenye hoteli aliniuliza, "Mama, nikuongezee chai?"

"Niongezee," nilisema. "Na mandazi mawili."

Nilikula polepole. Nikisema nilimhurumia nitakuwa nadanganya, nami niliahidi hapa kusema kweli. Kila dakika aliyosimama niliihesabia siku moja ya ule mwaka niliotembea mjini nikifungiwa milango. Saa nane alipoingia garini na kuondoka, nilijisikia kama mtu aliyetoka kuugua.

Lau ningeishia hapo.

Jumatano asubuhi simu ikalia.

"Jentrix!" Zadock hakusalimu. "Bosi wako ananifanya mtoto?"

"Pole sana, Bwana Ogola. Kumetokea nini?"

"Nimesimama Katito kutoka saa nne mpaka saa nane. Hakuna mtu! Amekuambia nini?"

Nikajifanya nasita. Nikashusha sauti, kama msichana anayeogopa kusema.

"Kusema kweli, Bwana Ogola, amebadilisha mawazo. Anasema hataki kufanya kazi na wewe."

"Amesema hivyo?"

"Ndiyo."

"Basi aandike," Zadock alisema. Sauti yake sasa ilikuwa imetulia kabisa. "Mimi ni mtu mzima. Sikataliwi kwa simu na karani. Kama hanitaki, aandike kwa karatasi yake, aweke sahihi, niisome kwa macho yangu. Halafu nitanyamaza."

"Nitamfikishia," nilisema.

Sasa sikilizeni. Bildad alipokuwa akisafiri aliniachia karatasi zenye jina la biashara yake, sita kati ya hizo akiwa tayari ametia sahihi chini, juu zikiwa tupu. Ilikuwa ni kwa mambo ya haraka. Mteja akitaka bei ya kitu, mimi nachapa, natuma, Bildad yuko Nairobi. Nani humpa mtu karatasi sita kama hizo? Mtu anayekuamini kama dada yake.

Nilichukua moja. Nikaipitisha kwenye taipureta. Nikajua maneno kabla sijagusa kitufe, kwa sababu nilikuwa nimeyabeba mwaka mzima. Nilitaka Zadock Ogola asome yale yale aliyonitupia mbele ya makanika.

Niliandika kwamba ombi lake limekataliwa. Kisha nikaandika: *Hatufanyi kazi na watu wa aina yenu.*

Yeye alikuwa ameniambia "yako." Mimi niliandika "yenu," kwa adabu, kama barua rasmi inavyoandikwa kwa mtu mzima. Herufi tatu tu nilizobadilisha.

Mama aliingia nikiwa naifunga bahasha.

"Seline, jana ulikuwa wapi?"

"Kwa mteja."

"Mteja gani anakufanya urudi unaimba?" Akakaa kwenye kiti changu cha ofisi, jambo ambalo hakuwahi kufanya. "Nyathina, mwanangu, nakuuliza. Ile barua ya Zadock ya uongo, uliniapia hukuiandika. Nilikuamini. Niligombana na watu wa kanisa kwa ajili yako. Hii je?"

"Hii ni kazi, Mama."

"Kazi ya nani?"

Nikachukua mkoba, nikaipeleka barua posta mwenyewe.

Jumamosi Bildad alirudi. Hakujua lolote. Aliniletea kitambaa cha gauni kutoka Nairobi, na cha Mama pia. Nikamwambia hakuna simu ya maana iliyopigwa.

Jumatatu iliyofuata, wakulima wa miwa walikutana kuchagua mtu wao. Bildad hakualikwa, walikuwa wamesema watamwandikia. Asubuhi hiyo hiyo alikuwa amemtuma dereva wake, Enos, apeleke vipuri kwa mteja mmoja wa upande ule ule wa Muhoroni. Enos alikuwa Mjaluo wa Nyakach, kijana wa kuoa mwezi wa Desemba.

Zadock aliingia mkutanoni na barua yangu.

Nilisimuliwa baadaye. Hakupiga kelele. Alimpa mwenyekiti aisome kwa sauti. Mwenyekiti akasoma jina la biashara ya Bildad juu, akasoma sahihi ya Bildad chini, na katikati akasoma: hatufanyi kazi na watu wa aina yenu.

Watu mia mbili walikuwa wamekaa pale. Kila mmoja akajiuliza "yenu" ni akina nani. Mtu wa Murang'a, wa kabila jingine, amemwandikia Mjaluo barua. Hawakuhitaji kuelezwa. Neno nililoliandika kwa mtu mmoja liliwaingia wote mia mbili.

Mnaikumbuka miaka ile ilivyokuwa. Mnajua maneno kama hayo yalikuwa yanawaka haraka kiasi gani.

Enos alikuwa anarudi na lori tupu, akapita pale watu wakitoka mkutanoni. Mlangoni mwa lori kulikuwa kumeandikwa jina la Bildad. Jiwe la kwanza lilipiga kioo cha mbele. Aliwapigia kelele kwa Kijaluo, "An wuod Nyakach! Mimi mwana wa Nyakach, mtu wenu!" Jiwe la pili lilikuwa tayari limeruka.

Kioo kiliingia kwenye jicho la kushoto.

Habari hizi nilizipata Jumanne asubuhi, Bildad mwenyewe akiniletea. Aliingia sebuleni akiwa amevaa shati la jana. Nyuma yake alikuwa mkewe, Waceke, mwanamke mrefu wa miwani niliyekuwa nimemwona mara mbili tu, daima akiwa dukani nyuma ya kaunta, daima kimya.

Mama aliwaletea chai. Hakuna aliyeigusa.

"Seline," Bildad alisema, "kuna barua. Wanasema nimeandika mimi. Wanasema ina sahihi yangu. Mimi sijawahi hata kuongea na huyo Zadock! Mtu ameiga sahihi yangu, Seline. Na Enos..." Akajifuta uso kwa kiganja. "Daktari anasema hilo jicho hawezi kuahidi."

Nilishika ukingo wa meza.

"Nataka unichapie barua nyingine," aliendelea. "Kwa kamati, kwa chifu, kwa kila mtu. Useme Bildad hakuandika yale maneno. Wewe unajua kuandika vizuri kuliko mimi. Nisaidie, dada."

Nikakaa mbele ya taipureta. Nikaweka karatasi, kaboni, na karatasi nyingine. Nikachapa, "Mimi niliyetia sahihi hapa chini sijui ni nani aliyeandika." Vidole vyangu vilichapa hayo bila kosa hata moja. Miaka yote hiyo ya kazi, na sijawahi kuchapa kurasa safi kama siku ile.

Mama alikuwa amesimama mlango wa jikoni akinitazama. Ningependa angesema kitu.

Waceke ndiye aliyesema.

"Bildad, zile karatasi ulizotia sahihi ulimwachia ngapi?"

"Sita."

"Ziko wapi?"

"Waceke, tafadhali. Seline ni mtu wetu."

"Nimeuliza tu ziko wapi."

Nikafungua droo. Nikazitoa, nikampa. Akazihesabu juu ya magoti yake, taratibu, kama mtu anayepanga sahani.

"Tano," alisema.

"Moja iliharibika," nilijibu. "Wino ulimwagika. Nikaichoma."

"Wino wa taipureta unamwagika?"

"Wa kalamu."

Aliniangalia juu ya miwani. Bildad alikuwa anatazama sakafu kwa aibu, aibu ya mke wake kunihoji ndani ya nyumba yangu. Mpaka leo nikifumba macho namwona ameinamisha kichwa hivyo, akinionea mimi aibu.

Simu ikalia.

Nilitaka iendelee kulia mpaka ikatike. Lakini Bildad aliinua kichwa akasema, "Pokea. Inaweza kuwa hospitali."

Nikapokea. "Ofisi, habari ya asubuhi."

"Seline," sauti ya Zadock ilisema. "Chukua kalamu."

Hakusema Jentrix.

Bildad aliniuliza kwa mkono, ni hospitali? Nikatikisa kichwa. Nikavuta daftari, nikashika kalamu, kwa sababu watu watatu walikuwa wananitazama na sekretari anayepokea simu huandika. Na kwa sababu sikujua mikono niiweke wapi.

"Usiongee," Zadock alisema. "Najua hauko peke yako. Sikiliza tu. Nimekujua tangu siku ya kwanza. Ulisema 'Ofisi, habari ya asubuhi' kabla hujajigeuza kuwa hicho kisichana chako. Hiyo salamu ni nani alikufundisha? Miaka kumi na mmoja, Seline, nisikujue?"

Kalamu ilikuwa inakwenda. Nilikuwa naandika kwa hati mkato, ile mikwaruzo yetu sisi makarani ambayo kwa mtu mwingine ni nyayo za kuku. Zadock hakuwahi kujua kuisoma. Bildad alikuwa anaitazama kama mtu anayetazama mvua. Niliona niko salama ndani yake, nikaandika kila kitu.

"Katito ulishiba?" aliuliza. "Nilikuona dirishani na kitambaa chako cha kijani. Ningeweza kuondoka saa nne na robo. Nilisimama ili ushibe. Nilijua ukishaonja hutaacha. Mimi nilihitaji kitu kimoja tu, karatasi ya Bildad yenye sahihi ya Bildad. Kamati ilikuwa karibu kumpa kazi. Singemweza kwa malori. Lakini nilijua ni nani anayemchapia barua."

Nilikuwa nimekaa Katito nikila mandazi, nikidhani mimi ndiye ninayetazama.

"Sasa kazi ni yangu," aliendelea. "Na wewe utarudi kwangu Jumatatu, kwenye meza yako ile ile. Kwanza utaandika maelezo kwa chifu, useme Bildad ndiye aliyekuamuru kuandika yale maneno. Ukikataa, namwambia Bildad mwenyewe kwamba ni wewe uliyeichapa ile barua kwa mikono yako. Na jicho la yule dereva liko juu yako. Umeandika?"

"Nimeandika," nilisema.

Nilikuwa nimeandika. Mpaka neno la mwisho.

Na hapo, badala ya hofu, kitu kingine kilinipanda kifuani. Nitawaambia kweli hata kama mtanichukia. Sikumfikiria Enos wakati ule, wala Bildad. Nilifikiria kwamba mbele yangu, juu ya karatasi, nimeyashika maneno ya Zadock Ogola yote, kwa mpangilio, jinsi alivyoyasema. Safari hii alikuwa amenisomea dhambi yake mwenyewe. Nilikuwa tayari naona jinsi nitakavyomzika nayo. Nilichohitaji ni siku moja tu, nifute mahali panaponitaja mimi.

"Ni nani?" Bildad aliuliza.

Nikaziba simu kwa kiganja. "Ni mteja wa Waliaula. Anataka kisima."

Waceke alikuwa amesimama. Sikumsikia akisimama. Alikuwa kando ya bega langu, ameinama, miwani yake karibu inagusa daftari.

"Kisima," alirudia.

Akaweka kidole chini ya mstari wa kwanza. Kikatembea. Hakikutembea kama kidole cha mtu asiyejua. Kilisimama pale panapopaswa kusimama, kikaruka pale panaporukwa.

"Nilisomea ukarani Nairobi, mwaka wa sabini na nne," alisema polepole, bila kuniangalia. "Kabla ya kuolewa. Maneno mia na kumi kwa dakika." Kidole kikashuka mstari wa tatu, wa nne. "Wewe unaandika vizuri sana, Seline. Mwandiko wangu mimi ulikuwa mchafu."

"Kuna nini?" Bildad aliuliza.

Kidole kilikuwa kimefika mwisho wa ukurasa. Alisoma kwa sauti, neno moja moja, kama mtoto anayesoma Biblia mara ya kwanza:

"Kwamba... ni wewe... uliyeichapa... ile barua."

Jikoni kitu kilianguka. Mama alikuwa ameangusha kifuniko, na hakukiokota.

"Seline?" Zadock aliita ndani ya simu. "Seline, bado uko?"

Nikataka kukata. Waceke akanishika mkono, bila nguvu, akautoa mkono wa simu kutoka vidoleni mwangu kama mtu anayempokonya mgonjwa kijiko. Akaiweka sikioni mwake. Kwa mkono mwingine akafungua ukurasa mpya wa daftari langu na kuchukua kalamu yangu.

"Endelea, Bwana Ogola," alisema. "Hapa ni kwa Bildad. Rudia yote tangu mwanzo, na usiharakishe."

Na Bildad, ambaye muda mfupi uliotangulia alinionea aibu, alikuwa sasa amesimama kati yangu na mlango.